Matone ya Macho kwa Mbwa na Paka, na Maradhi Yasiyosikia Dawa

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaofuga paka na mbwa wanakumbushwa kuwa jicho la mnyama linapotoa usaha au matongo mengi, hatua ya mwanzo si kutafuta chupa ya matone iliyobakia nyumbani, bali ni kujua sababu ya maradhi hayo. Mazoea ya kutia dawa yoyote iliyopo kabatini yana madhara ya namna mbili: mnyama anaweza kupofuka, na bakteria wanaweza kuwa sugu kwa dawa ambazo binadamu nao wanazitegemea.

Usugu wa bakteria

Matone na malhamu nyingi za macho zina viuavijasumu, ambavyo wengi huviita antibiotiki. Miongoni mwao ni kloramfenikoli, tetrasaiklini, jentamaisini na siprofloksasini. Katika kundi kubwa la bakteria huweza kuwapo wachache ambao dawa fulani haiwadhuru. Mwenye mnyama akitia dawa kwa siku 2 tu, kisha akaacha kwa kuona jicho limetakata, wale dhaifu hufa na wale wenye nguvu hubakia, wakazaana na kushika nafasi yote. Maradhi yanaporejea, dawa ile ile haifui dafu. Hatari hii ilijulikana zamani. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dawa inayotumiwa kwa kiasi pungufu huwazoesha vijidudu kuihimili.

Si kila jicho jekundu lina bakteria

Hata hivyo, mara nyingi jicho linalodhaniwa kuwa sugu halina usugu wowote, bali limetibiwa maradhi yasiyokuwa yake. Paka wengi huvimba macho na kutoka mafua kwa sababu ya virusi vya herpesi. Viuavijasumu haviui virusi, na virusi hivyo vikishaingia hubakia mwilini, vikarejea kila paka anapopatwa na dhiki. Wako paka wengine wenye bakteria wa klamidia. Hao matone peke yake hayawatoshi, kwani bakteria hao hukaa pia katika sehemu nyingine za mwili, na kwa kawaida daktari huandika doksisaiklini ya kumeza kwa muda wa wiki 4 hivi.

Kwa mbwa, chanzo mara nyingi ni jicho kukauka kwa uchache wa machozi, kope zilizojikunja kwa ndani, au kijiti na mchanga ulioingia jichoni. Hapo bakteria ni mfano wa mwizi aliyeikuta nyumba haina mlango: akifukuzwa huyu, kesho ataingia mwingine, mpaka mlango utengenezwe.

Usugu wa kweli nao upo. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa kwa maumbile yake haisikii kloramfenikoli. Akiingia katika kidonda cha konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, anaweza kuiyeyusha kwa muda wa siku 1 au 2. Vile vile bakteria wa ngozi ya mbwa, Staphylococcus pseudintermedius, ana aina zilizokuwa sugu kwa dawa nyingi kwa pamoja.

Uchunguzi unaohitajika

Daktari wa mifugo ana njia nyepesi za kutambua hali ya jicho. Kwanza, huweka kijikaratasi kwenye ukingo wa kope kwa dakika 1 ili kupima machozi. Kwa mbwa mzima wa afya, karatasi hulowa milimita 15 au zaidi. Pili, hutia rangi maalumu ambayo hugeuka kijani palipo na kidonda cha konea. Tatu, pale dawa ya mwanzo iliposhindwa au kidonda kinapozidi, huchukua usaha kwa kipamba safi na kuupeleka maabara ili ijulikane bakteria ni yupi na dawa ipi inamuua. Kipimo hiki huchukua siku kadhaa, na ni vyema kipamba kichukuliwe kabla ya kutia dawa mpya.

Haifai kuanza kila jicho kwa dawa kali. Dawa za jamii ya siprofloksasini zimewekwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa zenye umuhimu wa juu kabisa kwa tiba ya binadamu, na malhamu ya tetrasaiklini hutumika kutibu watu wenye trakoma. Bakteria sugu huweza kuhama baina ya mnyama na watu wa nyumba moja.

Mambo ya kuzingatia

(i) Matone yenye steroidi, kama vile deksamethasoni au prednisoloni, yasitiwe kabla ya daktari kuhakikisha kuwa hakuna kidonda. Dawa hizo huondoa wekundu kwa haraka, lakini huzuia kidonda kupona na huweza kutoboa jicho.

(ii) Matongo yafutwe kwanza kwa pamba na maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Tone 1 linatosha, kwani jicho halichukui zaidi.

(iii) Zikiwapo dawa 2, zipishane kwa dakika 5 au zaidi, matone yakitangulia na malhamu ikifuata.

(iv) Ncha ya chupa isiguse jicho. Mikono ioshwe kabla na baada ya kutia dawa.

(v) Dawa itiwe kwa saa na kwa siku zote zilizoandikwa, hata jicho likionekana limepona.

(vi) Chupa iliyofunguliwa itupwe kwa muda ulioandikwa juu yake, ambao kwa matone mengi ni wiki 4. Isiwekwe kwa mnyama mwingine wala kwa mtu.

Mnyama anayefumba jicho kwa maumivu, au ambaye konea yake imekuwa nyeupe au ya buluu, afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, pamoja na chupa za dawa zote alizokwisha kutiwa. Kumficha daktari dawa zilizotangulia ni kumpotezea njia.

Mnyama hana ulimi wa kueleza maumivu yake, na aliyemweka nyumbani ana dhima naye. Wananchi wanaombwa kulitekeleza jukumu hilo kwa kutafuta ushauri mapema, ili macho ya wanyama yasalimike na dawa zilizopo ziendelee kuwafaa wanyama na watu.