Moto wa Fundi na Macho ya Mtoto

Leo tuzungumze kuhusu fundi wa kuchomelea vyuma anayefanya kazi karibu na nyumba, hasa anapotumia jenereta ndogo na fimbo ya kaboni.

Jembe la trekta au trela ikipata ufa, fundi huondoa kwanza chuma kibovu. Umeme huruka kati ya fimbo na chuma, chuma huyeyuka, kisha upepo wa kompresa hukipuliza nje. Kwa hiyo hapa cheche ni nyingi na huruka mbali kuliko katika kuchomelea kwa kawaida. Kelele nayo huweza kupita desibeli 100, na hiyo huumiza masikio.

Hatari ambayo wazazi wengi hawaijui ni ya macho. Mwanga ule una miale isiyoonekana, inayounguza sehemu ya mbele ya jicho. Mtoto akitazama hahisi kitu. Saa 6 hadi 12 baadaye, mara nyingi usiku, huamka akilia. Macho ni mekundu, yanatoka machozi, yanakereketa kama yametiwa mchanga, na taa inamuumiza. Mama hudhani ni vumbi.

Ufanye nini?

1. Mweke mahali penye giza. Mfunike macho kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Asiyasugue.
2. Mpe paracetamol kwa kipimo cha umri wake.
3. Usitie maziwa ya mama, majani ya chai, wala dawa ya macho ya jirani.
4. Mpeleke kituo cha afya akaguliwe. Kwa kawaida macho hupona kwa siku 1 hadi 3.

Kipande cha chuma kikiingia jichoni, usijaribu kukitoa. Funika jicho bila kulibonyeza, uende hospitali mara moja. Cheche ikimchoma ngozi, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi.

Jenereta nayo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na inaweza kuua. Isiwashwe ndani ya nyumba wala karibu na dirisha au mlango. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kutapika, mtoeni nje kwenye hewa safi, mzime jenereta, mumpeleke hospitali.

Kabla fundi hajaanza, waite watoto wote waingie ndani, mbali na moshi. Ondoa nguo zilizoanikwa, nyasi kavu na mafuta ya taa. Mwombe fundi akinge mwanga kwa mabati, na uweke ndoo ya mchanga karibu. Miwani ya jua haitoshi, na mtoto asiwe msaidizi wa kushika chuma.

Usione haya kumwambia fundi, "Ngoja kwanza niwaondoe watoto." Fundi mzuri atangoja.

Kinga ni bora kuliko tiba.