Green Tea Yako ni Fiti ama Umechezwa? Hivi Ndivyo Waonjaji wa Chai Mombasa Hujua

Hebu tuongee kuhusu chai. Si ile ya asubuhi na mahamri kwa mbaazi, hiyo tunaiheshimu na haina maswali. Naongelea ile pakiti ya kijani kwa shelfu ya supamaketi, imeandikwa Japan, sencha ama matcha, na bei yake inaeza kununua unga wa wiki nzima. Umejikaza ukanunua. Umefika keja ukamwaga maji moto, ukapiga funda moja, na uso ukajikunja kama umetafuna mwarobaini.

Sasa swali ni moja tu. Chai ni mbovu, ama ni venye umeitengeneza, ama kuna mtu amekula doh yako?

Jibu halihitaji uende Tokyo. Dandia mat hapo Kisauni, vuka daraja la Nyali, na jam ikikuhurumia utafika tauni penye watu wanalipwa kuonja chai kila siku. Njia yao ni rahisi kuliko unavyodhani, na inafanya kazi hata kwa chai ya Mjapani.

Mombasa ndio mdomo wa chai

Wasee wengi wa huku Pwani hawajui hii. Chai haimei Mombasa, lakini bei yake inaamuliwa Mombasa. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka wa 1956 na ukahamia huku 1969. Unasimamiwa na chama cha wafanyabiashara wa chai cha Afrika Mashariki, EATTA, ambacho makao yake yako Nyerere Avenue. Hapo inauzwa chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi zingine kadhaa za Afrika, na bei ni kwa dola. Tangu 2020 kununua kunafanyika kwa mtandao, lakini kitu kimoja kompyuta haijaeza kuchukua: ulimi.

Kabla ya mnada, sampuli zinatumwa kwa madalali na wanunuzi. Kila kampuni ina mwonjaji wake. Yeye ndiye anasema hii chai ina thamani gani, na mnunuzi wa Pakistan ama Misri anatoa doh kwa kuamini huo mdomo.

Na usidhani ni mambo ya maringo. Chai za mashariki mwa Bonde la Ufa, kama Kirinyaga na Murang'a, kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko za magharibi kama Kericho na Bomet, na bonasi ya mkulima inafuata hiyo bei. Julai 2021 serikali iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai za KTDA, ili mkulima asinyonywe. Nia ilikuwa nzuri. Lakini chai ambayo wanunuzi waliona kikombe chake hakifikii hiyo bei, waliipita tu. Mizigo ikalala ghalani, hasa ya magharibi, na chai ikikaa inazidi kuchoka. Kwa hivyo ile sauti ya "fyuuu" ya mwonjaji akivuta chai mdomoni, kuna karo ya mtoto wa mtu ndani yake.

Venye wanaonja

Kuna kipimo cha kimataifa kinaitwa ISO 3103, kilitoka 1980. Usiogope jina. Kinasema hivi: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, funika, ngoja dakika 6. Basi. Vyombo ni vya kauri nyeupe, ndio rangi isidanganye. Birika lao ni dogo, lina meno ukingoni, ukililaza juu ya bakuli chai inatoka na majani yanabaki.

Kisha mwonjaji anacheki vitu vitatu: majani makavu, majani yaliyolowa, na chai yenyewe. Anachota na kijiko, anaivuta kwa kelele ili ienee ulimi wote na harufu ipande puani, anazungusha, halafu anatema. Anaenda kikombe kinachofuata. Sukari haiko hapo. Sukari ndiyo shahidi wa uongo nambari moja.

Sirí ya hii kazi ni moja: kila chai inapimwa sawa. Majani sawa, maji sawa, dakika sawa. Ukibadilisha kimoja, unalinganisha mikono yako, si chai.

Kitu kingine cha kukuchanua: zile herufi kwa magunia, BP1, PF1, PD, D1, ni saizi ya chembe, si utamu. Ile D ni ya vumbi, lakini haimaanishi uchafu uliofagiwa. Ni chembe ndogo zinazotoa rangi haraka, na kuna D1 inayonyamazisha BP1 mbovu. Usinunue chai kwa herufi.

Mjapani naye anafanya nini tofauti?

Mmea ni ule ule, Camellia sinensis. Chai yetu nyingi inasagwa na kuchanwa kwa mashine, inaachwa ikutane na hewa mpaka igeuke hudhurungi, ndio ikaushwe. Chai ya kijani haipewi hiyo nafasi. Jani likichumwa linapigwa joto mapema ndio lisigeuke rangi. Wachina wengi hutumia sufuria kavu ya moto, kwa hivyo chai yao inanukia kama kitu kilichokaangwa. Wajapani wengi hutumia mvuke, na ndio maana chai yao inanukia majani mabichi, mchicha uliochemshwa, hata mwani wa baharini. Kama yako inanukia bahari kidogo, tulia, hujauziwa samaki.

Majina ya kujua si mengi. Sencha ndiyo ya kawaida na ndiyo inanyweka zaidi Japan. Gyokuro inafunikwa kivuli karibu wiki tatu kabla ya kuchumwa. Matcha pia inatoka kwa majani ya kivuli, halafu inasagwa unga na unakunywa jani zima. Bancha ni majani makubwa ya baadaye, bei nafuu. Hojicha imechomwa, kwa hivyo kuwa hudhurungi ni sawa. Genmaicha imechanganywa na mchele uliokaangwa.

Kwa nini kivuli? Jani lina kitu kinaitwa theanini, kinacholeta ule utamu mzito wa supu. Jua likiliwakia jani, theanini inapungua na vitu vya uchungu vinaongezeka. Kivuli kinalinda utamu. Huo utamu Wajapani wanauita umami, jina alilolitoa mwanasayansi Kikunae Ikeda mwaka wa 1908 akichunguza mchuzi wa mwani. Wewe unaujua tayari. Ni kile kitu kinakufanya umalize supu ya pweza na bado ulambe kikombe.

Cheki hivi vitu vinne

*Jani kavu.* Sencha fiti ni kijani iliyokolea, inang'aa, imejiviringa kama sindano. Ikiwa ya manjano ama kahawia, imezeeka au imepigwa na mwanga. Vijiti vingi na vipande vya kila saizi ni dalili ya bei ya chini. Angalizo: kuna sencha inayopigwa mvuke mrefu, hiyo hukatika vipande vidogo na chai yake huwa na ukungu. Huo si ubovu, ni mtindo wake.

*Harufu.* Nusa majani yakiwa bado moto. Unatafuta ubichi: nyasi zilizokatwa, mboga, utamu kidogo. Ukipata harufu ya nyasi kavu, boksi la katoni, moshi ama sabuni, rudi nyuma. Chai hunyonya harufu ya jirani, na kuna maduka huipanga ubavuni mwa sabuni ya unga.

*Rangi ya chai.* Kijani-manjano angavu ni poa. Ikielekea wekundu ama kahawia na si hojicha, imechoka.

*Ulimi.* Hapa watu hukosea sana. Uchungu na ukakasi ni vitu viwili. Uchungu ni mwarobaini. Ukakasi ni bibo la mkorosho, ule mkauko unaobana mdomo wote. Chai ya kijani ina vyote kidogo, na hiyo si kosa. Swali ni kama kuna utamu wa kuvishikilia, na kama ukishameza kunabaki kitu kizuri kooni ama ni kisirani tu. Chai mbovu inapiga kelele halafu inapotea. Chai nzuri inakaa.

Kwa matcha, sugua kidogo juu ya karatasi nyeupe. Nzuri ni kijani angavu na laini kama poda ya mtoto. Iliyofifia na yenye chembechembe ni ya kuchanganya kwa keki. Na lile neno "ceremonial" kwa pakiti lisikubabaishe, halina kipimo rasmi, ni lugha ya kuuza. Geuza pakiti usome viungo. Sukari ikiwa ya kwanza, umenunua sukari ya kijani.

Maji moto kiasi gani?

Hapa ndipo ile ndita ya usoni ilitokea. Sencha ya kunywa hutaka maji ya nyuzi 70 mpaka 80, gyokuro hata 50 au 60. Ukimwaga maji yanayotokota, unakamua uchungu wote mara moja. Huna kipima joto? Chemsha, mimina kwa kikombe, hamishia kikombe kingine, ngoja kidogo, ndio uweke majani. Dakika moja inatosha.

Lakini sikia hii: majaji wa chai Japan wakipima ubora hutumia maji yanayochemka makusudi. Maji ya upole huficha kasoro, maji makali huitoa kila siri nje. Kwa hivyo ukitaka kunywa, bembeleza. Ukitaka kuhukumu, chemsha.

Maji ya mtaa wetu nayo

Hii hautaipata kwa video za ng'ambo. Visima vingi vya Kisauni vina maji ya chumvi, na chumvi haitoki kwa kuchemsha. Maji mazito ya madini hufanya chai iwe nyeusi, ififie, na juu ipate utando kama mafuta. Unaeza kuweka gyokuro ya maelfu kwa maji hayo ukapata ladha ya mtungi. Kabla hujailaumu Japan, jaribu chai ile ile kwa maji ya chupa. Tofauti yenyewe ni somo.

Na joto letu pia halisaidii. Unyevu, mwanga, hewa na harufu ndio maadui wanne wa chai. Ile pakiti ukiifungua na kuiacha juu ya meko karibu na iliki na vitunguu, baada ya wiki chache ni pilau. Mkebe unaofunga kabisa, mahali penye giza na pasipo joto. Nunua kidogo, maliza haraka.

Jaribu na maskani yako

Chukua chai mbili ama tatu. Moja ya Japan, moja ya kijani ya Kenya, maana na sisi tunatengeneza, na ya tatu yoyote. Pima sawa: gramu 2 kila moja, na kama huna mizani, kijiko kidogo kisichojaa kitakukaribisha. Majani yaliyojiviringa hudanganya kijiko, kwa hivyo mizani ni bora. Nusu kikombe cha maji ya chupa yanayochemka. Dakika tatu mpaka tano, lakini zote ziwe sawa.

Mwambie mmoja wenu aandike namba chini ya vikombe, wengine msijue ipi ni ipi. Vuta kwa kelele bila aibu. Kila mtu aseme chake kabla ya kuskia cha mwenzake, halafu ndio mgeuze vikombe. Bei ikishafichwa, ulimi unaanza kusema ukweli. Inaeza kuwa ile ya ng'ambo imetandika zote, hapo ujue doh yako ilienda pazuri. Inaeza pia kuwa ile ya mlima wa kwetu imeshinda kwa robo ya bei. Vyovyote vile, umejua mwenyewe, hujaambiwa na pakiti.

Na kuna mboka hapa?

Iko, lakini si ya wiki moja. Waonjaji wa Mombasa hujifunza mezani, chini ya mtu mwenye uzoefu, kwa miaka, kikombe baada ya kikombe. Ofisi inaeza kukuuliza cheti, siwezi kukudanganya. Lakini kikombe hakiulizi. Kinataka ulimi unaokumbuka, mtu asiyechoka kurudia, na mdomo unaosema "hii mbovu" hata kama mwenye chai amesimama hapo.

Vijana wa Kisauni wamelala kilomita chache kutoka mahali chai ya nchi kumi hivi inapewa bei, na wengi wetu tunaijua chai kwa kitu kimoja tu: imekolea ama haijakolea. Leo jioni, kabla hujatia sukari, onja kwanza. Kijiko kimoja, kwa kelele. Halafu tuambie umeskia nini.