Bahari ya Europa Inavyojaa na Kupwa

Kwenye mwezi Europa hakuna ufuo wa kusimama ukatazama maji yakipwa. Bahari yake, kama ipo kweli, imefunikwa na barafu ambayo wengi huikadiria kuwa na unene wa kilomita 20 hivi. Maji yakijaa, barafu yote hupanda nayo.

Anayeyavuta ni Mshtarii. Europa huielekezea sayari hiyo uso uleule daima, kama Mwezi wetu unavyotufanyia sisi, kwa hiyo ungetarajia maji yavimbe upande unaoikabili sayari na ule wa kinyume, na yatulie hapo. Yangetulia, lau njia yake ingekuwa duara kamili. Lakini miezi jirani, Io na Ganymede, haiiachi: Io huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa Europa, na Europa mara mbili kwa mmoja wa Ganymede, hivyo mivuto yao inajirudia kwa mpangilio uleule na kuipinda njia hiyo. Katika siku 3.55 za mzunguko, Europa husogea karibu na Mshtarii na kurudi mbali kwa tofauti ya kilomita 12,000 hivi. Ni chini ya asilimia mbili ya umbali wote, ila Mshtarii ni nzito mno.

Kama bahari imeenea chini ya barafu yote, uso wa Europa hupanda na kushuka takriban mita 30. Bamvua la Unguja ni mita 4 hivi. Kama ni barafu tupu iliyoganda hadi kwenye mwamba, ni mita 1 tu.

Barafu inayopandishwa na kushushwa mita 30 hupasuka. Picha za vyombo vya Voyager za mwaka 1979 zilionyesha nyufa za matao yaliyoungana, na hakuna aliyejua zimetokana na nini hadi 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walipozieleza: ufa hutambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukipinda kadiri mkazo unavyogeuka, kisha husimama mkazo ukilegea. Mzunguko unaofuata huanzisha tao jingine. Ushahidi wa bahari uliotokana na vipimo vya sumaku vya chombo Galileo una nguvu zaidi, nakubali, lakini mimi matao haya ndiyo yaliyonishawishi kwamba ipo.

Chombo Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika 2030 na kuupita mwezi huo karibu mara 50. Mvutano wa Europa utakibadilishia mwendo kidogo, na mawimbi ya redio ya chombo hicho yatalionyesha hilo huku duniani. Vipimo vya Europa ikiwa karibu na Mshtarii vitalinganishwa na vya ikiwa mbali, na hapo itajulikana kama ni mita 30 au 1.