Mbwa Mgonjwa Nyuma ya Kantini

Tukimwona mbwa wa mtaani kadhoofu, wengi wetu tuna mawili: kumrushia jiwe au kwenda kumpapasa. Mimi naona yote hayafai. Mtazame kwanza kwa mbali. Manyoya yamenyonyoka na anajikuna muda wote? Mara nyingi huo ni upele unaoletwa na utitiri, na unatibika. Wa kuogopa ni yule anayeyumba, mate yanamtoka, taya limelegea. Huenda ni kichaa cha mbwa. Na asikudanganye upole wake. Kuna kichaa kisicho na ukali, mnyama anapooza tu.

Virusi viko kwenye mate. Aking'ata, au akilamba penye mchubuko, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. (Mambo ya kupaka mafuta ya taa, jamani, tuache.)

Yule wa kantini nilimsogezea maji kwa mti wa fagio, nikampigia afisa mifugo wa kata. Alikuja kesho yake, akamchoma sindano ya upele. Ya pili ni baada ya wiki mbili. Chumbani kwetu tumeshaanza kuchanga.