Mwanamke Akimpenda Kijana, Kicheko Cha Nini?



Huko Dar es Salaam, katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, maneno mapya hayaishi. Mwanamke wa makamo mwenye mpenzi kijana huitwa shuga mami. Siku hizi huitwa pia mshangazi, yaani amefikia umri wa kuitwa shangazi. Kijana naye huitwa marioo, yaani mwanamume anayelishwa na mwanamke. Wengine humwita Serengeti boy. Neno hilo limetoka kwa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17.

Huenda maneno hayo hayajafika kijijini kwenu, lakini kicheko chake mnakijua. Sasa tazameni upande wa pili. Mzee mwenye fedha akitembea na binti mdogo, mara nyingi huitwa pedeshee. Neno hilo lina sifa ndani yake.

Je, hadithi zinasemaje? Tuchukue riwaya ya Peponi. Mwandishi wake, Abdulrazak Gurnah, alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya hii ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, kisha Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili.

Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake ana deni, hawezi kulipa. Basi anamtoa mwanawe rehani kwa tajiri Aziz. Yusuf anafanya kazi dukani kwa tajiri bila mshahara.

Dukani huja mwanamke mzee aitwaye Ma Ajuza. Ajuza maana yake ni bikizee. Mama huyo anamwita Yusuf mume wake, tena anamkumbatia kwa nguvu. Watu wanacheka. Baadaye Yusuf anakua, na mke wa tajiri, Zulekha, naye anamtamani. Anamshika, na shati la Yusuf linachanika mgongoni. Wanaojua kisa cha Nabii Yusufu watakumbuka.

Lakini katika nyumba hiyohiyo yumo msichana, Amina. Naye aliletwa kwa sababu ya deni. Amekulia humo, kisha tajiri Aziz akamwoa. Je, wateja wanamcheka tajiri? Hapana. Wanamwamkia kwa heshima.

Hapo ndipo penye somo. Watu walicheka uzee wa mama, kosa lenyewe hawakuliona. Kosa ni kwamba Yusuf alikuwa mtoto, tena hakuwa na uhuru. Angekataa vipi? Angekwenda wapi? Amina naye vilevile.

Umri wa mwanamke peke yake si kosa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimkatazi mwanamke kuolewa na mwanamume aliye mdogo kwake. Inachotaka ni kwamba wote wawili wakubali kwa hiari. Waislamu nao wanajua habari za Bibi Khadija, mjane aliyekuwa na biashara yake. Mapokeo mengi yanasema aliolewa na Mtume Muhammad (S.A.W.) akiwa na miaka 40, na Mtume akiwa na miaka 25. Nani amcheke?

Hadithi pia zinaweza kutufungua macho. Mwishoni mwa miaka ya 2000, redio zilitangaza vituko vya Fataki, mtu mzima aliyewarubuni wasichana wa shule. Jina likaenea. Mzee wa tabia hiyo akaanza kuitwa fataki, na sifa ikageuka aibu. Mvulana naye anastahili kinga kama hiyo.

Kwa hiyo tukisoma riwaya, tukisikiliza mchezo wa redio au tukitazama filamu, tujiulize mambo mawili. Kwanza, je, aliye mdogo ametimiza miaka 18? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya hapo ni mtoto. Pili, je, anaweza kusema hapana na asikose chakula, kazi wala pa kulala?

Majibu yote yakiwa ndiyo, basi hao ni watu wazima wawili, mapenzi ni yao. Jibu moja likiwa hapana, jamani, tuache kucheka, tumsaidie yule mdogo. Aliyemshika awe mama au awe baba, ni mamoja.