Viumbe Wanaozalisha Biogesi na Jinsi ya Kuwatunza

Gesi inayosafishwa katika kiwanda cha Madimba, mkoani Mtwara, na gesi inayotoka katika mtambo wa biogesi kando ya zizi la ng'ombe zina kiini kimoja, yaani methani. Gesi ya Madimba hutoka katika visima vya Mnazi Bay, ndani ya miamba. Ile ya zizini huzalishwa kila siku na viumbe hai wasioonekana kwa macho. Mtumiaji anayewafahamu viumbe hao hulinda fedha alizowekeza katika mtambo wake.

Viumbe hao ni gani?

Huitwa arkea. Zamani walihesabiwa kuwa bakteria. Mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Marekani walilinganisha RNA za seli zao, wakabaini kuwa ni kundi la pekee la uhai. Ndani ya mtambo, bakteria huivunjavunja samadi kwanza. Kisha arkea hugeuza mabaki yake, yakiwemo asidi ya siki, hidrojeni na kaboni dioksidi, kuwa methani. Oksijeni huwadhuru, ndiyo maana mtambo hufungwa usiingize hewa.

Arkea wa aina hii huishi pia tumboni mwa ng'ombe na katika tope la mikoko kwenye mlango wa Mto Ruvuma. Hata hivyo, katika tope hilo hawazalishi methani nyingi. Maji ya bahari yana salfati, na bakteria wanaoitumia huwanyang'anya arkea chakula. Bakteria hao ndio wanaotoa harufu ya mayai viza. Methani yenyewe haina harufu.

Tunawashauri watumiaji wazingatie yafuatayo:

1. Anzisha mtambo kwa samadi mbichi ya ng'ombe, kwa kuwa tayari ina arkea.

2. Changanya samadi na maji yasiyo na chumvi. Usitumie maji ya bahari.

3. Usimwage mtamboni dawa za kuua vijidudu wala maji ya sabuni.

4. Usijaze taka nyingi kwa mkupuo. Asidi ikizidi, arkea hushindwa kufanya kazi.

5. Arkea huzaliana polepole. Mtambo mpya huhitaji wiki kadhaa. Usimwamini muuzaji anayeahidi gesi ya kupikia kesho yake.

6. Nunua jiko lililotengenezwa kwa biogesi. Gesi ya mitungi ni propani na butani, na jiko lake halifai bila kurekebishwa.

7. Tafuta mvujo kwa povu la sabuni nje ya bomba, kamwe si kwa kiberiti. Usitegemee pua pekee.

8. Usiingie ndani ya shimo la mtambo. Gesi iliyomo inaweza kuua.

Kabla ya kumlipa fundi, omba maelezo ya mambo haya kwa maandishi. Ushauri wa kitaalamu hupatikana pia katika Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC), Arusha.