Ukimwita mtu ‘proud’, unamaanisha nini hasa?

Msichana akipita steji ya Baba Dogo bila kusalimia, hukumu hutoka papo hapo: “Huyo ni proud sana, anajiskia.” Labda amechelewa zamu kiwandani, au anawaza kodi ya nyumba. Nani anajali? Jina limeshamganda.

Hapa Nairobi ‘proud’ ni karibu tusi. Lakini Mwingereza hulitumia pia kwa jambo jema, kama mzazi anayefurahia matokeo ya mwanawe. Kiswahili kimetenganisha hayo mawili: kujivunia ni kuona fahari, majivuno ni kuvimba kichwa. Kwa hivyo ukiulizwa kwenye mahojiano ya kazi, “What are you proud of?”, usiinamishe kichwa ukidhani unategwa. Taja ulichofanya.

Kama ni kiburi unataka kusema, chagua neno linalofaa:

Arrogant: anayejiona bora na kudharau wengine. Asili yake ni Kilatini, arrogare, yaani kujidaia kitu. Si ndiyo ile ‘kujidai’ yetu ya mtaani?

Conceited: anayejiona tu. Yeye ndiye mwerevu, yeye ndiye mrembo, wengine ni kujaza nafasi.

Vain: huyu ni wa kioo na selfi. Limetokana na Kilatini vanus, maana yake ‘tupu’. Debe tupu haliachi kuvuma.

Snob: anayebadilisha sauti akisikia unaishi Baba Dogo wala si Muthaiga. Cha kuchekesha, katika karne ya 18 neno hili lilimaanisha fundi wa viatu!

Narcissist: hapa chunga mdomo. Limetoka kwa Narcissus, kijana wa hadithi za Wagiriki aliyependa sura yake mwenyewe majini. Siku hizi kila mpenzi mliyeachana naye huitwa hivyo. Lakini kuna tatizo la haiba linaloitwa kwa jina hilo, na mwenye kulipima ni mtaalamu wa afya ya akili, si mabeshte kwa base.

Neno baya halimalizi kazi likishatamkwa. Linaweza kumfanya mtu aogope kuongea darasani au kuomba kazi, asije akaambiwa anaringa. Na kama wewe ndiye umebandikwa ‘proud’ kwa sababu umerudi shule au umeacha kukaa kijiweni, endelea tu. Neno lako ni ‘confident’: kujiamini bila kumkanyaga mwenzako.